Wasiocheka wa Kashasha

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya kati ya bweni ya wasichana iliyokuwa ya misheni pale Kashasha, maili 25 hivi kutoka Bukoba mjini, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, waliopatwa na hali hiyo walikuwa 95 kati ya wanafunzi 159. Kisa hiki kimezunguka dunia. Walio mbali hukisimulia kama kichekesho: ati nchi changa, wiki saba tu baada ya kupata uhuru, ikashikwa na kicheko. Muleba, wilaya ilipo Kashasha, hakichekeshi hivyo, kwa maana ni kisa cha watu wa nyumbani.

Nakirudia kwa sababu ya vijana wa Kagondo. Kagondo zetu ziko mbili: ile ya Muleba, yenye hospitali ya Jimbo Katoliki la Bukoba, na ile iliyo kata ya Manispaa ya Bukoba. Kicheko cha 1962 kilianzia upande wa Muleba kikafika hadi pembezoni mwa mji wa Bukoba, kwa hiyo zote mbili zina hisa ndani yake. Na zote mbili, kila mwaka majina ya udahili yakitoka, huwasindikiza vijana stendi na masanduku yao waende vyuo vikuu vya Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam. Huko vyuoni ndiko ninakotaka kukipeleka kisa.

Kwanza tuondoe chumvi. Si kweli kwamba watu walicheka mwaka mzima na zaidi bila kupumzika. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliochapisha ripoti ya tukio lile mwaka 1963, wanaeleza kwamba hali ilimshika mtu kwa saa chache, au kwa siku, hadi 16 kwa aliyezidiwa, ikimwachia na kumrudia. Kicheko kilichanganyika na kilio, na mgonjwa akizuiwa kwa nguvu aliweza kuwa mkali. Walimu hawakuguswa hata mmoja. Hakuna aliyekufa. Wenyeji waliupa ugonjwa jina la enwara yokusheka, na wengine wakauita akajanja, yaani wazimu.

Serikali haikulala. Damu ilipimwa, maji ya uti wa mgongo yakapimwa, chakula kikachunguzwa. Mitaani ikavuma kwamba hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki, ambayo miaka ile mataifa makubwa yalikuwa yakiyajaribu. Kila kilichoweza kutiwa kwenye chupa kilipimwa, na hakikuonekana kitu. Lakini ndani ya ripoti ile mna jambo dogo ambalo kila nikilifikia nasimama: baadhi ya wagonjwa walisema wanahisi vitu vinatembea kichwani, na wanaogopa kwamba kuna mtu anawakimbiza. Likaandikwa kwenye orodha ya dalili, karibu na habari za mboni zilizotanuka, na ripoti ikaendelea na mengine. Nani anakukimbiza, binti? Kama swali hilo liliulizwa, jibu lake halikutufikia.

Kosa lililofuata ndilo lenye funzo. Shule ilifungwa, wasichana wakarudishwa makwao. Siku kama kumi baadaye kicheko kikazuka Nshamba, walikotoka baadhi yao. Katika miezi ya Aprili na Mei watu 217 walipatwa hapo, wengi wao vijana na watoto wa shule, wa kike na wa kiume. Kashasha ikafunguliwa tarehe 21 Mei, wasichana 57 wakashikwa, na kabla Juni haijaisha ikafungwa tena. Mwezi huohuo shule ya wasichana ambayo ripoti inaiandika Ramashenye, yaani Rwamishenye ya leo, ikapata wagonjwa 48 kati ya wanafunzi 154. Nao wakaambiwa waende nyumbani. Mmoja akaugulia kwao Kanyangereka, ndugu zake wakamfuatia, na upande huo shule mbili za wavulana zikafungwa. Hesabu inayotajwa sana kwa ujumla ni shule 14 na watu wapatao 1,000.

Soma tena mfuatano huo polepole. Kila mara wakubwa walipofanya jambo lililoonekana la busara, la kumwondoa mgonjwa machoni, ugonjwa ulikwenda naye hadi nyumbani kwake ukapata wenyeji wapya. Sisemi walikuwa wabaya. Walikuwa na hofu, walikuwa na wazazi mlangoni, na kufunga shule ni amri inayoandikwa kwa mistari miwili.

Jina la Kanyangereka litawagusa wasomaji wa Bukoba Vijijini kwa sababu nyingine. Kata yenye jina linalokaribiana nalo, Kanyangereko, ni mojawapo ya zilizokumbwa na virusi vya Marburg mwaka 2023. Safari hiyo maabara ilikiona kirusi. Watu sita walifariki. Waliokuwa wamekutana na wagonjwa walifuatiliwa mmoja mmoja kwa siku 21, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Kumbe tunaweza. Tunajua kumfuata mtu hadi mlangoni kwake, kila siku, kumwuliza ameamkaje. Ila tunafanya hivyo kirusi kikiwapo. Kirusi kikikosekana, tunamwambia akapumzike.

Sasa hesabu moja ambayo wasimuliaji huiruka. Ukitoa 95 katika 159 wanabaki 64. Hawa hawakucheka. Walilala bweni lilelile, wakala chakula kilekile, wakasikia usiku kucha mwenzao wa kitanda cha jirani akicheka na kulia, na bila shaka walichokiogopa wenzao nao walikiogopa. Kisha shule ikafungwa, nao wakabeba masanduku yao wakaondoka. Kisa hakiwasimulii. Mtafiti Christian Hempelmann, aliyekirudia mwaka 2007, alisisitiza kwamba kicheko kile hakikuwa cha furaha hata kidogo. Kwake yeye ulikuwa msongo wa watu wasio na mamlaka wala pa kusemea: masharti makali ya bweni, na matarajio makubwa yaliyokuja na uhuru. Kama ni hivyo, basi 64 walikuwa na msongo uleule bila tundu la kuutolea. Mimi, ningekuwa mlezi wa bweni lile, hao ndio wangeninyima usingizi.

Chuo kikuu kimejaa wasiocheka. Msichana wa miaka 14 pale Kashasha mwili wake ulimsemea. Kijana wa miaka 22 aliyefika chuo amekwisha kujifunza kuufunga mwili mdomo.

Mchukue kijana mmoja wa Kagondo. Simtaji jina kwa sababu nimemuunda mwenyewe, ila vipande nilivyomuundia vipo vyuoni kote. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, akalelewa na bibi. Akafaulu. Kijijini wakamtania nshomile, yaani msomi, naye utani ukamwingia vizuri. Bodi ya Mikopo ikampa mkopo pungufu, baba mdogo akauza kahawa kuziba pengo. Mwaka wa pili akapata sapu mbili, mitihani ya kurudia. Bumu, fedha ya kujikimu, likachelewa. Akaanza kulala mchana. Aliacha kwanza kipindi cha saa moja asubuhi, halafu cha saa nne, mwisho akawa hatoki ila kuchota maji. Jumapili bibi akipiga simu mazungumzo yalikuwa yaleyale.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Waitu, unakula?”

“Nakula, Bibi.”

“Na masomo?”

“Yanakwenda.”

Mwenzake wa chumba akamshauri aende ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Akaenda. Mlango huu wengi mtautambua. Uko kwenye korido moja na ofisi ya mikopo, na nje yake kuna benchi moja ambalo kila apitaye anaona nani amekaa. Mezani kwa katibu muhtasi kuna daftari kubwa la kaunta, limechorwa safu kwa rula: jina, namba ya usajili, kozi, simu, sababu ya kuja. Kalamu imefungwa kwa uzi isiibwe. Waliotangulia wameandika mkopo, mkopo, kitambulisho, chumba, mkopo. Nyuma yake wamesimama watu, mmoja wao anasoma naye kozi moja na ana macho mazuri. Katibu muhtasi anamhimiza, bila ubaya wowote: “Andika, kaka, wenzako wanasubiri.”

Akaandika: mkopo. Alipoingia ndani akauliza habari za mkopo, akajibiwa kwa adabu, akashukuru, akatoka.

Hapo ndipo chuo kilipompoteza. Taarifa ya mwaka itakapoandikwa, atahesabiwa kama mwanafunzi aliyehudumiwa kwa tatizo la fedha, na takwimu zitaonyesha kwamba wanafunzi wa chuo hicho hawana matatizo ya afya ya akili.

Yaliyofuata yalifuata njia ya Kashasha. Aliacha kuoga, akaacha kujibu. Mwenzake akamwambia kiongozi wa darasa, kiongozi akamwambia msimamizi wa bweni, simu ikapigwa nyumbani, baba mdogo akapanda basi. Ushauri aliopewa ulikuwa wa sentensi moja: akapumzike nyumbani kwanza. Nyumbani maneno yakagawanyika. Huyu akasema karogwa kwa sababu ya wivu wa elimu, yule akasema bangi, mwingine akasema apelekwe kuombewa, na bibi hakusema kitu, alimpikia. Wote walimpenda. Hakuna aliyempeleka hospitali, kwa sababu hakuwa na homa. Aliporudi chuoni mitihani ilikuwa imempita, na orodha ya waliodisko, yaani waliofukuzwa masomo, ilipobandikwa jina lake lilikuwamo.

Kuna mtu mmoja zaidi ndani ya kisa cha kijana wa Kagondo, na yeye ndiye nilikuwa namsubiri. Mwenzake wa chumba. Kwa majuma mengi kijana yule alikuwa akiamka usiku kusikiliza kama mwenzake anapumua. Sanduku la mwenzake lilipoondoka, hakuna ofisi iliyomwita kumwuliza yeye amelalaje. Muhula uliofuata yeye ndiye aliyekuwa akilala mchana.

Huduma jumuishi ya ushauri nasaha, kwa jinsi inavyosemwa mikutanoni, mara nyingi huishia kwenye njia ya mteremko ya kupitishia kiti cha magurudumu. Njia hiyo iwepo, na vyuo visivyokuwa nayo vione aibu. Lakini mtu anaweza kupita kwenye mteremko akafika mbele ya daftari lile la kaunta, na hapo wote, wenye miguu na wasio na miguu, wanakuwa sawa: wanaandika mkopo.

Mwanafunzi kiziwi ana daftari lake la peke yake. Ili aseme la moyoni lazima alipitishe kwenye mikono na masikio ya mkalimani, na mkalimani mwenyewe, chuo kikiwa naye, ni huyohuyo anayemfasiria darasani, anayewajua rafiki zake na mchumba wake. Ni nani angesema mambo ya ndani kwa njia hiyo? Mshauri anayejua lugha ya alama angemaliza tatizo. Akikosekana, awepo mkalimani mwingine asiyehusika na darasa, aliyekula kiapo cha siri. Na hata hilo likishindikana, waandikiane kwenye skrini, wawili tu. Asiyeona naye anapewa fomu ya karatasi yenye maswali ya kupima sonona, na kwa kuwa haoni, mtu anamsomea kwa sauti: katika majuma mawili yaliyopita, umewahi kuhisi afadhali ungekufa? Mlango uko wazi. Kwenye benchi wanasikia.

Kuna mwanafunzi mwenye ualbino aliyekulia Kanda ya Ziwa. Mwaka 2024, katika wilaya hiihii ya Muleba, mtoto mdogo mwenye ualbino aliibwa nyumbani kwao akauawa. Kijana wa hali hiyo akikuambia chuoni kwamba halali vizuri, kwamba akisikia hatua nyuma yake usiku anakimbia, usimfundishe kuvuta pumzi na kuhesabu hadi kumi. Hofu yake ina sababu, na sababu ina tarehe. Anachohitaji kwanza ni chumba chenye kitasa kinachofunga na mlinzi anayejua jina lake, maongezi yatafuata. Mshauri asiyejua kutofautisha hofu ya ugonjwa na hofu ya haki anaweza kumfanya mtu ajione ana wazimu kwa kuogopa panga. Hili nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu mafunzo mengi ya ushauri yanatoka kwenye vitabu vilivyoandikwa mahali ambako watu hawawindwi.

Wanafunzi wenye watoto wachanga, wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria wanaofanya kazi mchana na kusoma usiku: kwao ofisi inayofunga saa tisa na nusu ni ofisi isiyokuwapo. Pale mshauri pekee anapokuwa padri au mchungaji wa chuo, Mwislamu atasita, na Mkristo aliyemkasirikia Mungu baada ya msiba atasita zaidi. Na wanaume. Dunia inakumbuka “wasichana waliocheka”, lakini Nshamba hata wavulana walicheka, na shule za wavulana zilifungwa. Tukio likishapewa jinsia, upande wa pili unakosa ruhusa ya kuugua.

Ipo pia sheria inayomziba mtu mdomo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 727,000 walikufa kwa kujiua mwaka 2021, na kwa umri wa miaka 15 hadi 29, umri wa chuo hasa, ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Sasa mwambie kijana wa miaka 21 aingie ofisi ya chuo, aandike jina na namba yake ya usajili, kisha aeleze kwamba juzi alijaribu. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba. Sisi bado. Maadamu kifungu kipo, mshauri ana wajibu wa kumweleza mwanafunzi mapema, kwa maneno mepesi, kipi kitabaki kati yao na kipi hakiwezi kubaki, na kwamba kufikiria kufa si kosa la jinai. Wengi hawajui tofauti hiyo, wakiwemo baadhi ya wanaowashauri.

Nimekaa sana kwenye makosa. Kagera ina upande mwingine, na upande huo nao uko Nshamba.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa Tanzania walikuwa wa Kagera. Miaka iliyofuata ilizika watu hadi migomba ikakosa wa kuipalilia, wakabaki bibi na wajukuu. Kwa wengi wetu maneno “ushauri nasaha” yalianza kusikika hapo, kwenye vyumba vya kupima damu. Mwaka 1997, pale Nshamba, ulianzishwa mradi wa Humuliza, Mswisi Kurt Madörin akiwa mwanzilishi wake. Mashirika mengi wakati ule yaliwapelekea yatima sare za shule, madaftari na mahindi, na vilihitajika. Humuliza ilianzia kwingine. Iliwafundisha walimu na walezi namna ya kukaa na mtoto aliyefiwa na kumwacha aseme: kuhusu baba, kuhusu maiti aliyoiona, kuhusu hasira. Kisha vijana wenyewe wakaunda umoja wao, Vijana Simama Imara, wenye viongozi waliowachagua wao, wakatembeleana na kusaidiana. Haikuondoa ukimwi wala umaskini. Lakini mtoto aliyefiwa alikuwa na watu wa rika lake waliojua afiwaye anakuwaje, na hakulazimika kuanguka kwanza ndipo aulizwe.

Miaka 35 inatenganisha mambo hayo mawili ya Nshamba. Katika lile la kwanza vijana walipimwa, katika la pili waliulizwa. Sijui kama waliofanya kazi ya pili waliifikiria ile ya kwanza, na wala si lazima.

Ng'ambo ya mpaka, ukipita Mutukula, kuna ushahidi mwingine ulio karibu nasi kwa lugha na kwa migomba. Watafiti wakiongozwa na Paul Bolton walichapisha mwaka 2003 jaribio lao katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda. Watu wenye sonona waliwekwa kwenye vikundi vidogo, wanaume peke yao na wanawake peke yao, wakakutana mara moja kwa wiki kwa majuma 16. Aliyeongoza kikundi hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa palepale, wa jinsia yao, aliyepewa mafunzo ya wiki mbili. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha. Mwanzoni asilimia 86 yao walikuwa na sonona kamili. Mwishoni ilikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji vilivyokuwa havijapata vikundi, waliokuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 94 hadi karibu 55.

Vyuo vyetu hupenda kusema kwamba madaktari wa akili ni wachache, na ni kweli, wachache mno. Rakai inaonyesha kwamba uchache huo hauwezi kuwa kisingizio cha daftari la kaunta. Kikundi cha watu wanane, chini ya mwembe au kwenye chumba cha semina saa kumi na moja jioni, chenye kiongozi aliyefundishwa, kinawezekana hata kwenye chuo maskini. Kwenye kikundi hakuna anayeulizwa sababu ya kuja. Ila pana mtego hapo nao niutaje: wapo wanaochukua wanafunzi kumi, wakawapa fulana na semina ya Jumamosi moja, wakawaita washauri rika, kisha wakawaachia mabweni. Hao watageuka kuwa yule mwenzake wa chumba, tena kwa cheo. Rakai viongozi walikuwa na msimamizi wao wa kumpelekea yaliyowazidi. Na mgonjwa anayehitaji dawa ni wa kupelekwa kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa, ama Bukoba ama Bugando, akisindikizwa na mtu, na kitanda chake bwenini kikitunzwa. Akipewa likizo ya ugonjwa, apigiwe simu kila wiki na mtu anayemjua kwa jina. Kwa Marburg tulimudu siku 21.

Nayasema haya sasa kwa sababu moja ya wazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Kagera kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Vijana wa Kagondo zote mbili wataweza kusoma karibu na nyumbani, na watu wanafurahi, nami pia. Lakini ukaribu una namna yake ya kumfunga mtu mdomo. Chuo kikiwa mwendo mfupi kutoka kijijini, katibu muhtasi anaweza kuwa shangazi yako, mshauri akawa anasali jumuiya moja na mama yako, na kwenye basi la Muleba habari inafika kabla yako. Mwanafunzi wa mbali ana upweke, wa karibu ana mashahidi.

Kwa hiyo wazazi watakaokwenda kuona majengo, pamoja na kuulizia ada na hosteli, waulize chumba cha mshauri kiko wapi na kina mlango wa pili wa kutokea au hakina. Waulize kinafungwa saa ngapi, kama mwanafunzi anaweza kuomba miadi kwa ujumbe wa simu bila kutaja shida yake, na mshauri akiwa jamaa yake ataonana na nani mwingine. Waulize mkalimani wa lugha ya alama analipwa kutoka fungu gani la bajeti. Wakijibiwa kwamba ataombwa mwanafunzi mmoja wa darasani ajitolee, wasiondoke. Waombe kuonana na mkuu wa kampasi siku hiyohiyo.